MAONI YETU: KIJIJI CHA KINU HAKIKUJENGWA NA MTU MMOJA



Yeyote kati yetu aliyepata kuhudhuria darasa la ushirika au la chama cha wafanyakazi amelisikia jina la Robert Owen. Husemwa ya kwamba alikuwa tajiri mwema wa kule Ulaya, mwenye kiwanda cha nyuzi, ambaye aliwapa wafanyakazi wake nyumba na shule, akapunguza saa za kazi, na faida akaipata vile vile. Mwalimu akimaliza habari hiyo hufunga daftari lake, na sisi tulioketi nyuma huulizana kwa sauti ndogo: basi kama matajiri wema wako, chama cha nini?

Swali hilo si la kudharauliwa. Tumeona yafaa tulijibu, na jibu letu halimo katika kumtukana Bwana Owen, maana aliyoyafanya mengi yalikuwa mema kweli. Jibu limo katika kijiji chenyewe. Kijiji hicho kipo mpaka leo, chaitwa New Lanark, katika nchi ya Uskoti, kusini-mashariki ya mji wa Glasgow, kando ya mto Clyde. Kuta zake zimesimama, na mtu akizisoma kwa macho ya mfanyakazi zasema mambo ambayo vitabu vya darasani huyapita haraka.

Kwanza mahali penyewe. Mto Clyde hushuka hapo kwa maporomoko makubwa ndani ya bonde jembamba lenye miti. Mwaka 1784 David Dale, mfanya biashara na mwenye benki wa Glasgow, alikuja kulitazama bonde hilo pamoja na Richard Arkwright, Mwingereza aliyepata jina kwa mashine ya kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Hawakuja kwa ajili ya uzuri wa mahali. Walitaka maji yanayoshuka kwa nguvu, basi. Likachimbwa handaki kupita katika mwamba, na mfereji ukayaleta maji mpaka kwenye magurudumu ya vinu. Mwaka 1786 nyuzi zilianza kusokotwa. Vinu vinne virefu vya mawe vikasimama mstari mmoja kando ya mto, na nyuma yake, mlimani, safu za nyumba za wafanyakazi.

Walitoka wapi wafanyakazi hao? Hapa ndipo kuta zinapoanza kusema. Iko safu moja iitwayo Caithness Row, na jina hilo ni la jimbo la mbali huko kaskazini ya Uskoti. Watu wa Nyanda za Juu za nchi ile walikuwa wakiondoka katika ardhi ya wazee wao, wenye ardhi wakitaka kufuga kondoo mahali pa watu. Mwaka 1791 meli moja iliyowachukua watu wa huko kwenda Marekani ilipigwa na dhoruba ikarudishwa pwani, na Bwana Dale akawapa kazi baadhi yao kinuni. Ndugu zetu ambao wazee wao walihamishwa kutoka ardhi yao wakaishia kuwa maskwota na vibarua katika mashamba ya walowezi hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtu asiye na shamba ndiye anayeipenda kengele ya kiwanda, kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Na wengine walikuwa watoto. Mwaka 1793 walihesabiwa watu 1,157 katika kazi, na karibu 800 kati yao walikuwa watoto na vijana. Baadhi ya watoto hao walikuwa mayatima na watoto wa maskini kutoka mijini, ambao hawakupewa mshahara ila chakula, nguo na mahali pa kulala. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa moja usiku. Palikuwa na nusu saa ya kunywa uji na saa moja ya chakula cha mchana. Baada ya hapo, watoto waliokwisha kusimama mashineni kutwa nzima waliingizwa darasani wafundishwe kusoma. Wageni waliokuja kutazama walimsifu sana Bwana Dale, kwa maana katika vinu vingine hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Tunaamini walisema kweli. Lakini sifa ya namna hiyo, kwamba kwangu si kubaya kama kwa jirani, tumeizoea sana katika meza za mapatano ya mishahara!

Watoto hao mayatima wengi walilala katika kinu namba nne. Kinu hicho kiliungua mwaka 1883 wala hakikujengwa tena. Kwa hiyo mgeni wa leo akifika New Lanark aiona shule ya Bwana Owen, aiona nyumba ya Bwana Owen na nyumba ya Bwana Dale, bali mahali walipolala watoto waliosokota utajiri wote huo hapaoni.

Sasa tuje kwa Owen. Alikuwa mtu wa Wales, aliyezaliwa mwaka 1771, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alimwoa binti ya Dale mwaka 1799, na yeye na wenzake wakavinunua vinu kwa pauni 60,000. Akaanza kusimamia kazi siku ya kwanza ya mwaka 1800. Aliacha kuwachukua mayatima, na watoto walio chini ya umri wa miaka 10 hawakuandikwa tena kazini. Saa za kazi zilipunguzwa hata zikawa chini ya 11 kwa siku, wakati ambapo vinu vingine vilifanya 13 na 14. Alifungua duka lililouza vitu vizuri kwa bei nafuu. Mwaka 1816 alifungua jengo kubwa la elimu, ambalo watoto wadogo waliokwisha kutembea walipokelewa mama zao wakiwa kazini, wakafundishwa kwa picha na nyimbo bila kupigwa fimbo. Mwaka 1806, Marekani ilipozuia pamba yake na vinu vikasimama kwa muda wa miezi minne, aliwalipa watu mshahara wao kamili. Mwenyewe aliandika baadaye ya kwamba kabla ya siku hizo wafanyakazi walikuwa hawamwamini hata kidogo.

Hebu tulifikiri jambo hilo. Kwa muda wa miaka sita watu hao walimtazama tajiri mwema kwa jicho la mashaka, na mashaka yao yalikuwa na sababu. Juu ya kila mashine palitundikwa kipande cha mti chenye pande nne: upande mweusi ulionyesha kazi mbaya, wa buluu kazi ya kadiri, wa manjano kazi nzuri, na mweupe kazi bora kabisa. Kila siku nyapara aligeuza upande kwa kadiri ya mwenendo wa mtu, na mwenendo huo ukaandikwa katika daftari. Owen alijivunia kwamba hakuhitaji kufoka wala kumpiga mtu, alipita tu akatazama rangi. Sisi twakubali kwamba rangi si kiboko. Lakini mama aliyesimama chini ya rangi nyeusi kutwa, jirani zake wote wakiiona, hakuulizwa. Hapakuwa na mjumbe wake wa kwenda kusema kwamba uzi ulikatika kwa sababu pamba ilikuwa mbovu. Kadhalika fedha za mfuko wa ugonjwa zilikatwa katika mishahara, sehemu moja katika 60, na kinu ndicho kilichopanga mambo hayo. Jambo jema, naam. Ila waliotoa fedha hawakuwa wenye mfuko.

Tena iko habari nyingine ambayo haiko katika kuta za New Lanark kabisa, nayo ni pamba yenyewe ilikotoka. Haikuota Uskoti. Ilitoka visiwa vya Karibiani na kusini ya Marekani, ikalimwa na kuchumwa na watu weusi waliokuwa watumwa. Bwana Dale mwenyewe alikuwa kiongozi wa watu wa Glasgow waliopinga biashara ya utumwa, na huku marobota ya pamba hiyo yakiingia mlangoni mwake kila juma. Hatusemi haya kwa kumdhihaki. Twasema kwa sababu mtu akihesabu wajenzi wa kijiji kile bila kuwahesabu hao, hesabu yake imepungua nusu.

Bwana Owen aliondoka. Kufika mwaka 1825 alikuwa amekwenda Marekani kujaribu kujenga kijiji kipya cha watu wanaoishi kwa umoja, na vinu vikashikwa na wengine. Hapa ndipo jibu letu lilipo. Wema wa New Lanark ulikuwa katika mkono wa mtu mmoja, na mkono ulipoondoka hapakuwa na karatasi yoyote ambayo wafanyakazi wangeweza kuishika na kusema, hili ni haki yetu tuliyopatana. Owen mwenyewe nadhani aliliona jambo hilo, maana mwaka 1834 tunamkuta London akiongoza muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi wa kila kazi, na akiwatetea wakulima sita wa Tolpuddle waliohukumiwa kupelekwa Australia miaka saba kwa kosa la kula kiapo cha chama. Muungano ule haukudumu hata mwaka mzima. Lakini walimu wetu wa darasani wangetufaa zaidi kama wangetueleza sehemu hii ya maisha yake, badala ya kuishia kwenye shule na duka.

Na nyumba je? Nyumba ndizo tunazotaka kuzieleza kwa urefu, kwa kuwa zatugusa. Safu zile ni za mawe, zina ghorofa nyingi, na kwa macho ya leo ni nzuri sana. Mtalii huzipiga picha. Wakati wa vinu familia moja ilikaa chumba kimoja, na chini ya kitanda kikubwa palikuwa na kitanda kingine cha magurudumu kilichovutwa usiku ili watoto walale. Maji ya bomba na vyoo vya ndani havikufika nyumbani humo mpaka mwaka 1933. Kuanzia mwaka 1898 mwenye kinu alitoa umeme bure katika kila nyumba, nao ulitoka katika mashine zake mwenyewe zinazoendeshwa na mto. Bure! Lakini ulitosha taa moja hafifu katika kila chumba, na saa nne ya usiku ulizimwa. Siku ya Jumamosi peke yake ulizimwa saa tano. Hali hiyo iliendelea hata mwaka 1955, umeme wa nchi ulipofika.

Twaomba kila msomaji aifikiri taa hiyo. Mtoto anasoma, saa nne inafika, giza. Mama anamwuguza mgonjwa, saa nne, giza. Wazee wanazungumza habari ya mshahara, giza. Hakuna askari aliyekuja wala mlango uliovunjwa, ila mtu mmoja huko kinuni alishusha mkono wa swichi na kijiji kizima kikalala. Waliokulia katika landhi za mashamba ya chai, ya mkonge na ya miwa wajua taa hiyo hata kama wao walitumia kibatari. Nyumba ikiwa ya tajiri, mfanyakazi hulala usingizi wa tajiri, na siku kazi yake ikikatika paa nalo limekwenda.

Siku hiyo ilifika New Lanark mwaka 1968. Kampuni iliyovishika vinu tangu mwaka 1881, ya watu wa kamba na nyavu za uvuvi, ilifunga milango. Miaka 182 ya kazi ikaisha. Vijana walikwenda kutafuta riziki kwingine, nyumba zikabaki na watu wachache, mapaa yakaanza kuvuja. Mwaka 1970 vinu viliuzwa kwa kampuni ya vyuma chakavu iliyoyeyusha madini humo, na uwanja ambao watoto wa Owen walicheza ngoma ukajaa lundo la takataka za chuma. Palikuwa na watu waliosema yabomolewe yote.

Hayakubomolewa. Tangu mwaka 1963, hata kabla ya kinu kufungwa, kilikuwako chama kilichoanza kutengeneza nyumba za Caithness Row, na katika miaka ya 1970 ukaundwa udhamini wa kulinda kijiji kizima. Mwaka 1983 sheria ya kununua kwa lazima ilitumiwa ili kuwatoa watu wa vyuma chakavu. Mafundi wa mawe na wa mbao waliingia, na wengi walioshika kazi hiyo walikuwa watu wasio na ajira waliolipwa katika mipango ya serikali ya kuwapa watu kazi. Kinu namba moja kilichokuwa kimekatwa ghorofa za juu mwaka 1945 kilirudishiwa urefu wake, na tangu mwaka 1998 ni hoteli. Mwaka 2001 UNESCO ililiandika jina la New Lanark katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba nyingine zilipangishwa, nyingine ziliuzwa kwa watu walioahidi kuzitengeneza, na watu wanakaa humo hata leo. Kengele iliyowaamsha watu kwenda kazini imo bado mnarani mwake, nayo hupigwa usiku wa kuukaribisha mwaka mpya.

Hata mto umebadilika. Juu ya kijiji kimejengwa kituo cha umeme tangu mwaka 1927, na maji mengi hupitishwa katika mabomba, hivi kwamba siku nyingi maporomoko yaliyowavuta Dale na Arkwright huwa membamba, ila siku za mvua kubwa au maji yakifunguliwa kwa ajili ya watazamaji. Bonde lililokuwa na makelele na vumbi la pamba sasa ni hifadhi ya ndege na miti. Mwenye kiwanda huja na kwenda, mto ungali unafanya zamu zote tatu, tena haujawahi kudai malipo ya saa za ziada.

Sasa twasema nini sisi wa hapa Kenya? Twasema mambo haya yako mlangoni petu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi huko Kwale kilifungwa mwaka 1988, na watu waliokuwa wameishi kwa kengele yake wakabaki mikono mitupu. Hapo Nairobi ziko landhi za reli za Muthurwa. Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuhama na nyumba zikaanza kubomolewa, mpaka shauri likafika Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikasema haki zao zilivunjwa. Tena mwenye nyumba katika shauri lile alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wenyewe! Mzee aliyestaafu ataka pensheni yake, na ni haki yake. Mpangaji ataka paa, nalo ni haki yake. Wakawekwa wagombane wao kwa wao, na aliyezijenga landhi zile nyembamba tangu mwanzo hakuitwa kutoa ushahidi.

Wako wenzetu wanaosema, zibomolewe tu, landhi ni kumbukumbu ya dhiki, nani ataka kuitazama? Twawaelewa. Mtu aliyezaliwa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, watu wanane, choo kimoja kwa safu nzima, halazimiki kukipenda. Wala hatusemi mtu aendelee kukaa katika hali hiyo ili watalii wapate kuona. Lakini twaona kwamba safu moja ikibomolewa bila kuandikwa neno, baada ya miaka 30 atakuja mtu na kitabu kizuri chenye picha kueleza jinsi kampuni ilivyowatunza watu wake, wala hatutakuwa na ukuta wa kumwonyesha. New Lanark yenyewe ni ushahidi. Waliokoa kuta, wakafanya vyema, lakini majina makubwa yaliyo midomoni mwa kila mgeni ni mawili, Dale na Owen. Waliosokota ni maelfu.

Kwa hiyo Kamati ya gazeti hili imeamua kuanza kazi ndogo kabla haijachelewa. Mwanachama yeyote, au mzazi wake aliyestaafu, mwenye picha ya landhi ya zamani, kadi ya kazi, kipande cha posho, daftari la kodi ya nyumba, au anayekumbuka nani alikaa chumba namba ngapi na alifanya kazi gani, na alete ofisini siku ya Jumamosi baada ya saa tatu asubuhi. Vitu vitanakiliwa na kurudishwa siku ile ile. Asiyejua kuandika aje aseme, Karani ataandika. Twaomba hasa akina mama, maana wao ndio waliojua bomba lilifungwa saa ngapi na taa ilizimwa lini.